Kocha Lilo Frías na Mikono Aliyoifundisha

Eligio Frías Leonardo, ambaye mji mzima wa San Pedro de Macorís ulimwita Lilo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kambi ya wakata miwa karibu na kiwanda cha sukari cha Consuelo. Alisoma mpaka darasa la sita, kisha baba yake akampa panga.

Besiboli ndiyo iliyomtoa shambani. Mwaka 1969 alikwenda Marekani kurusha mpira. Bega lilipochanika, alirudishwa nyumbani kwa ndege ya kwanza, na hakuna aliyemsindikiza.

Mwaka 1978 akawa kocha wa warushaji wa timu ya kulipwa ya Alacranes, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Alitengeneza warushaji waliofika ligi kuu ya Marekani, na picha zao zimejaa sebuleni. Waliovunjika mikono hawakupigwa picha.

Alifunga ndoa na Dominga Alcalá tarehe 12 Julai 1975, wakajaliwa watoto wawili, Nurys na Wilkin. Wilkin alirithi mkono wa baba, na Januari 1999 akawa anarusha chini yake, kwenye nusu fainali.

"Baba, kiwiko kinawaka moto," alisema.

"Hapa mimi si baba yako. Rusha."

Meneja akaingilia. "Lilo, mtoe kijana."

"Akitaka kulia, mama yake yule pale jukwaani."

Mama alikuwepo kweli. Anasema mlio wa kiwiko aliusikia kabla ya kelele za watu. Alacranes walishinda. Wilkin hakurusha tena.

Nyumbani marehemu alikuwa mpole kwa majogoo wake wa kupigana. Mmoja alipoumia bawa, alilikanda kwa ramu na shubiri kila asubuhi, akakataa katakata kumrudisha ulingoni. "Mnyama akiumia anapumzishwa," aliwaambia majirani. Wilkin alikuwa amekaa hapohapo barazani, mkono ukiwa kwenye plasta. Wiki iliyofuata alihamia mji wa Santiago.

Mwaka 2020 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alipolazwa Agosti mwaka uliofuata, Wilkin alikuja bila kuitwa. Alimlisha supu kwa mkono wa kushoto, kijiko kwa kijiko.

"Hebu nyosha ule mwingine," marehemu alisema.

Wilkin akaunyosha hadi ulipofikia, ukabaki umepinda. Baba aliutazama kwa muda mrefu. Sisi wengine tulijua neno tulilokuwa tukilingoja.

"Ulikuwa unadondosha bega," alisema. "Nilikwambia, ukajifanya kiziwi."

Wilkin akamfuta mdomo, akaweka bakuli chini, akatoka. Mama alimkimbilia hadi koridoni.

"Amekuomba radhi, mwanangu?"

"Amenisahihisha, mama."

Marehemu alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 14 Agosti 2021. Maneno yake ya mwisho yalimwendea muuguzi: alimwambia anashika sindano vibaya.

Ameacha mjane, Dominga. Binti yake Nurys, anayewasomea haya. Mwanawe Wilkin, aliyesimama pale karibu na lango. Na wajukuu watano, ambao wazazi wao hawajawahi kuwanunulia glavu ya besiboli.

Mungu amjalie pumziko, Lilo Frías. Na sisi aliotuacha, atujalie letu.