Nusu ya Mibuni

Tangu bei ya kahawa ianguke, abiria wa lori la kwenda Litembo hawakuwa na mazungumzo mengine, na Edina alikuwa ameyachoka.

"Jumatatu naikata mibuni yote, napanda mahindi," alisema mzee aliyekaa mbele yake.

Mfanyabiashara aliyekalia gunia lake akaguna. "Mzee wangu, kila mtu anapanda mahindi. Utamuuzia nani? Na mbuni mpya utausubiri miaka mitatu."

"Kwa hiyo wajukuu wangu wale kahawa?"

"Basi kata nusu. Nusu iache, bei inaweza kurudi."

Lori likasimama wakiwa bado wanabishana. Mfanyabiashara akafungua gunia, akatoa shoka jipya. "Kwa nusu shamba, hili linakutosha."

Edina akageuza uso. Mumewe naye alinunua shoka la kukata nusu shamba, akakata na nusu ya pili, na sasa hawakuwa na hata mbuni mmoja.