Namba ya Chini ya Ukurasa

Ndani ya treni, fundi wa programu za kompyuta za Java alikuwa akimtambia muuguzi aliyeketi naye. "Dada, tovuti ya hospitali yenu ni kazi yangu. Mstari wa chini wenye namba ya simu nimeuandika mara moja tu, kurasa zote zinauchukua hapo hapo. Wenzangu wanaunakili kwenye kila ukurasa, maskini!"

"Na ukikosea?"

"Nani, mimi?" Kifua kilimvimba hadi muuguzi akasogea dirishani.

Simu ya fundi ikalia. "Hapana, mama, hapa si wodi ya wazazi." Ikalia tena. Muuguzi akafungua tovuti, akamwonyesha namba. Ilikuwa ya fundi mwenyewe, aliiweka wakati wa majaribio, akasahau kuiondoa.

Jamaa akatabasamu. "Lakini si umeona? Kurasa zote! Hakuna hata mmoja uliokosa!"

Treni ikasimama. Simu haikusimama.