Dada Mina, Aliyeitikia Karibu Yetu

Muuguzi Wilhelmina Terpstra, ambaye hakuna mtu wa mtaa wetu wa Talaba aliyewahi kumwita kwa jina lote hilo, amestaafu tarehe 30 Juni 2024 baada ya kukitumikia Kituo chetu cha afya na lishe kwa miaka ishirini na minane. Alikuja kujitolea kwa miezi sita. Kila Krismasi tulimkumbusha kwamba miezi sita imepita, na kila Krismasi alijibu kwamba anasubiri mvua zipungue.

Alifika Juni 1996 kutoka Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akiwa na viatu vya mpira vya kufika magotini na sanduku lililojaa bendeji. Manila ilimpokea kwa mvua. Tulimpa chumba cha juu pale Kituoni, juu ya nguzo za mianzi, maji ya mto yakipita chini ya sakafu. Asubuhi ya kwanza jua lilipotoka, mwanga ulipiga maji, ukapenya kwenye nyufa za mbao na kuanza kucheza juu ya dari ya bati kama kawaida yake. Sisi hatuutazami tena mwanga huo. Mina alilala chali akiutazama mpaka chai ikapoa.

Baadaye aliniambia kwamba kwao pia kuna mfereji karibu na nyumba, na kwamba yeye na dada yake mkubwa, Baukje, walikuwa wakilala sakafuni jikoni wakiwa watoto, wakiutazama mwanga wa namna hiyohiyo ukitembea darini. Alisema hakujua kama ameamka Manila au ameamka utotoni. Mimi nadhani asubuhi ile ndipo tulipompata, ingawa mwenyewe hakuwa na habari.

Ninayeandika haya naitwa Remedios, mpishi wa Kituo. Sufuria zote alizozibeba Mina nilizijaza mimi, na masizi yake nimeyasugua mimi, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nianze na vichekesho. Watoto wetu wakikutana na mtu mzima huuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, ndiyo heshima yao. Wiki ya kwanza mtoto wa jirani alimfanyia Mina hivyo. Mina akadhani mtoto anamwonyesha mahali palipo na homa. Akamkalisha, akamtia kipimajoto kwapani. Wenzake walioona wakapanga mstari nao waheshimu, na kufikia mchana alikuwa amewapima watoto wa nusu ya mtaa, akishangaa jinsi walivyo wazima na jinsi wanavyocheka.

Kisha likaja la samaki, na hili ndilo lililozaa yote mengine.

Mtu wa Talaba akiwa anakula, yeyote apitaye mlangoni humwita, “Karibu tule!” Naye mpita njia hujibu, “Asante, nimeshiba,” hata kama tumbo linamnguruma. Hiyo ni salamu, na kila aliyelelewa vizuri anaijua. Lakini Mina alikuwa amemuuliza mkalimani maana ya maneno yale, na mkalimani akamweleza kwa usahihi kabisa kwamba watu wanamwalika kula. Basi alipopita mlangoni kwa Mama Consing na kusikia, “Karibu tule, Dada,” alivua viatu vyake vya mpira, akaingia, akakaa.

Mama Consing hakuwahi kuona jambo kama lile. Angefanya nini? Alimpakulia wali, akampa choroko, na alipoona wali umebaki bila kitoweo, alifunua bakuli na kumtolea samaki, mwatiko wa kukaanga aliyemwekea mumewe. Mina alimla mpaka miiba ikang’aa. Alipoondoka alishukuru kwa Kitagalogi cha kitabuni, akainama kidogo mlangoni.

Mumewe, Mang Berto, yaani Bwana Berto, alirudi kutoka bandari ya samaki akiwa hoi. Mtaa mzima ulisikia, maana kuta zetu ni za mbao nyembamba.

“Samaki wangu yuko wapi?”

“Kaliwa.”

“Na paka?”

“Na Uholanzi.”

Jina la Sista Kula lilimwandama Mina kwa miezi. Lakini wakati watu wanacheka, Mama Consing alikuwa na jambo moyoni ambalo hakumwambia mtu, kwa kuogopa lisije likaharibika. Binti yao Luningning, mwenye miaka mitatu, alikuwa ameacha kula tangu mvua zianze. Kila kijiko alikikwepa. Kila alipopimwa pale Kituoni, mshale wa mizani ulisimama chini ya pale uliposimama mara iliyopita, na sisi tuliokuwa tukimpima tulikuwa tumeanza kuongea kwa sauti ya chini. Siku ile mtoto alimkodolea macho mgeni akitafuna, kisha akanyoosha mkono, akachota wali kwenye sahani ya Mina, akatia kinywani. Akachota tena.

Kesho yake Mama Consing hakungoja apite. Alimsimamia mlangoni. “Karibu tule, Dada. Nasema kweli. Ingia.”

Mambo yakaenda hivyo hadi pale mtu mmoja mwenye mdomo mrefu alipomweleza Mina desturi yenyewe ilivyo. Alilia kwa aibu. Aliona amekula chakula cha watu wasio nacho, na tangu siku hiyo akawa anapita mlango kwa mlango akijibu, “Asante, nimeshiba,” kwa lafudhi safi kuliko ya baadhi yetu. Kila mtu alimsifu kwa adabu. Na Luningning akaacha kula.

Aliyekuja Kituoni kumfuata ni Mang Berto mwenyewe, bado na magamba ya samaki mikononi. Mimi nilikuwa jikoni.

“Mke wangu anakuita,” alisema. “Mimi sikuiti, mimi hasira ya samaki wangu haijaisha. Lakini mtoto hali mpaka ukae. Sasa wewe umekuja kutusaidia, au umekuja kutuonyesha adabu?”

Mina alikwenda. Ila kabla ya kwenda aliingia jikoni kwangu, akachukua sufuria ya choroko na majani ya mlonge iliyokuwa motoni bila hata kuniomba, akaibeba kwa kanga ya kufutia vyombo. Alipofika kwa Mama Consing aliiweka katikati ya mkeka na kukaa. Wenyeji walimkaribisha, naye akawakaribisha, na haikujulikana tena ni chakula cha nani. Mtoto alikula. Wazee wa pwani walionena kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone sidhani kama walimaanisha hivi, lakini sisi ndivyo tulivyoliona neno lao likitimia, kijiko baada ya kijiko.

Niseme na upande wa kazi, kwa kuwa Jarida hili la Kituo husomwa na wakubwa. Siku zile Kituo kiligawa uji wa mchele uani kwa kanisa, watu wakapanga foleni na bakuli zao. Foleni ilikuwa fupi kila siku, na uji ulibaki. Wafadhili waliuliza kama mtaa una njaa kweli. Njaa ilikuwepo, na haya pia ilikuwepo, nayo haya ilikuwa na nguvu zaidi. Nani alitaka kuonwa na jirani yake akiwa na bakuli mkononi?

Mina alipendekeza foleni ivunjwe. Kila mtu wa kujitolea abebe sufuria saa ya chakula, apite polepole kwenye njia za mbao, asiingie kwa mtu mpaka aitwe, na akiitwa aketi ale na wenyewe. Wafadhili wa makao makuu ng’ambo walisita. Walitaka kujua watapigaje picha. Mina akawajibu kwa ufupi kwamba waje wale. Alikuja mkurugenzi mmoja, akakaa kwenye mkeka wa Mama Consing, akaongeza siki mara mbili na akasahau kamera yake chini ya jamvi. Foleni ikafa bila matanga.

Tangu 2003 alikuwa mkuu wa wote waliokuja kujitolea, na somo lake la kwanza lilikuwa jinsi ya kukaribishwa. Aliwafundisha kukataa mara ya kwanza, kukataa mara ya pili, na kuketi mara ya tatu. Kijana mmoja mrefu wa Norwei alilala somoni. Siku yake ya kwanza aliketi kila alipoitwa, akala katika nyumba saba, na akiwa njiani kurudi mbao moja ya daraja ikamkataa. Maji yalikuwa yamekupwa, akatua kwenye tope mpaka kiunoni, akiwa ameikumbatia sufuria isimwagike. Mina alisimama juu yake akimtazama, akasema huyo atafaa.

Tufani ziliondoka na paa, zikaondoka na daraja, na mara moja ziliondoka na jiko langu zima. Kila zilipopita, kabla watu hawajatafuta mabati yao, tuliwaona Mina na wenzake wakitokea kwenye ukungu wa asubuhi na masufuria, wakipita katikati ya nguzo tupu, wakingoja kuitwa. Na waliitwa. Watu wasio na mlango waliita, “Karibuni tule.” Mimi picha hiyo hunijia hata nikiwa macho, na huwa siwezi kusema ilikuwa mwaka gani.

Mama Consing alituacha miaka minne iliyopita. Baada ya mazishi Mang Berto, ambaye siku hizi ni Mzee Berto, alikaa mbele ya sahani yake kama bintiye alivyokaa zamani, akitazama maji. Luningning, ambaye sasa ni muuguzi wetu, alimbembeleza bila kufaulu. Basi kila jioni Mina alikuwa akivua viatu na kuketi mbele ya mzee. Alikula yeye, na mzee akala.

Kwa hiyo Februari alipotangaza kustaafu, hakuna aliyehuzunika. Tulijua atastaafu papa hapa. Luningning alikwisha kukipaka rangi kile chumba cha juu. Kisha simu ikaja kutoka Friesland. Mume wa Baukje alifariki majira ya baridi, na jirani alisema Baukje amekonda, anapika, anaweka mezani, na hali.

Siku nyingi baadaye Mina alimwambia Luningning, wakiwa wameketi dirishani, “Naogopa, mwanangu. Kwetu watu hufunga milango wakila. Nitapita barabara nzima na hakuna atakayeniita. Na hapa namwacha baba yako na nani?”

“Baba niachie mimi,” Luningning alimjibu. “Wewe beba sufuria. Si ndivyo ulivyotulea?”

Mzee Berto alipopata habari aliacha kumsemesha. Aliwaambia watu wa bandarini kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na huyu kapewa, kalima, sasa anaondoka shamba limestawi. Mlango wake aliufunga saa ya kula, jambo ambalo Talaba halijapata kuonekana. Luningning alikuwa akiingia na chakula na kutoka nacho. Tulimwona mzee akipungua, na Mina alimwona pia, na tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Karamu ya kuagana ilifanyika Jumapili mchana kwenye njia kuu ya mbao. Tulitandika majani ya migomba toka Kituoni hadi kanisani, tukamwaga wali na vitoweo, mtaa mzima ukachuchumaa pande mbili. Mashine ya kuimbia karaoke ilikuwa imeshapata wa kuigombania. Mina aliketi katikati na hakugusa kitu. Macho yake yalikuwa kwenye ule mlango uliofungwa.

Mlango ulifunguka. Mzee Berto alikuja taratibu, amevaa shati lake la kwendea harusi za watu, na mkononi ana sahani yenye mwatiko mmoja wa kukaanga. Aliiweka mbele ya Mina.

“Miaka yote hii hujala samaki wangu,” alisema. “Yule wa kwanza alikukaribisha marehemu, mimi nilikuwa kazini. Leo nakuita mimi. Karibu tule, Dada.”

Na Mina, machozi yakimtiririka, baada ya miaka ishirini na minane ya kuketi kila alipoitwa, akajibu kama mtu wa Talaba. “Asante, Kaka. Nimeshiba.”

“Umeshiba nini na hujala? Sogea hapo!”

Walimla pamoja, yeye upande wa kichwa, mzee upande wa mkia. Mwisho mzee alifuta mikono akamwambia aende akamlishe dada yake, na asiogope.

Dada Mina aliondoka Jumatano. Ametuma neno kwamba amefika, kwamba mwanga wa mfereji bado unacheza kwenye dari ya jikoni, na kwamba jioni ya kwanza aliacha mlango wazi, baridi ikaingia, Baukje akanung’unika, kisha akaomba kijiko.

Dada yetu, asante. Asante kwa kuketi. Uishi salama huko uliko, na saa ya kula isikukute peke yako. Nasi tutaendelea kukuita kila jioni kuelekea mtoni, na ukiwaza umetusikia, usijibu kwamba umeshiba.

Nilikuwa nimekwisha kufunga makala hii, lakini Mzee Berto ameniagiza niongeze habari. Jana jioni alifungua mlango ili apate hewa, sahani yake ikiwa mbele yake kama ilivyoletwa. Alikuwa akipita Leonor, msichana wa Kireno aliyeshuka kwenye ndege juzi kuja kujitolea, ambaye bado hajafundishwa lolote kwa kuwa mwalimu ameondoka. Mzee, kwa mazoea tu, alimwita. Msichana akavua viatu, akaingia, akakaa, akamla samaki mzima. Mzee Berto anataka Mina ajue kwamba alipika mwingine, na kwamba wa pili walimla pamoja. Tumekubaliana na Luningning kwamba somo la kwanza lisubiri kidogo.