Kunde za Bwana Patroba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Patroba Ayieko, bwana mifugo aliyetoka bara akaja kisiwani kwetu Amu mwaka 1966. Punda ndiye aliyempa jina hapa, na nusura amnyang'anye.

Bi Swafiya wa mtaa wa Mkomani alikuwa na punda jike. Amezaa, maziwa hayatoki, mwanawe amebaki mifupa. Kila siku anamjaza mama pumba za mahindi. Patroba alikuwa amelea farasi Nairobi, na tumbo la farasi na la punda ni mamoja. Akamweleza: "Ng'ombe ana vijidudu tumboni mbele. Hata akila makapi, vinamtengenezea protini. Punda vyake viko nyuma kabisa, hapo mahali pa kufyonza protini pameshapitwa. Lazima nzuri iingie mdomoni. Mahindi yamepungukiwa laisini, tofali moja la kujengea mwili. Mpe kunde."

Mpe kunde. Lishikeni neno hilo.

Kwao bara, kunde ni mboga, ni majani. Kwetu Amu, kunde ni punje, tunazipika kwa nazi. Bi Swafiya akamwagia punda kapu zima la punje kavu, hazijapikwa.

Asubuhi punda yuko chini, tumbo limefura, anajigaragaza. Patroba alipofika, Bi Swafiya hakumwamkia. "Ni wewe ulonambia kunde," alisema. "Akifa huyu, na mwanawe amekufa."

Patroba akazitazama punje zilizobaki kapuni, uso ukamshuka. Punje mbichi huvimba, tena zina kitu kinachozuia tumbo kuvunja hiyo protini yenyewe. Akampitishia punda mafuta kwa mrija wa mpira puani, akamwinua, maana akizidi kujiviringisha utumbo hujisokota. Vichochoro vyetu havina pa kugeukia, basi wakashuka ufuoni. Wakamtembeza huku na huku, mtoto wa punda nyuma analia. Punda akipiga magoti, Patroba anamsukuma kwa bega. Watu wakaja kutazama, na wengine, tuseme kweli, kucheka.

Alasiri punda akajamba. Mnacheka? Bi Swafiya alilia.

Kesho yake Patroba alikuja na fungu la majani mkononi. "Kunde," akasema.

"Hayo ni majani ya kunde, Bwana Patroba. Mbona hukusema majani?"

Maziwa yakarudi. Mtoto akaishi, akabeba mawe ya kujengea mpaka uzeeni.

Mjane wa Patroba, Bi Rosebella, anasema: "Tangu hapo hakunituma sokoni kwa neno tupu. Alinionyesha kitu chenyewe."

Bi Rosebella na wanao, poleni sana, Amu nzima inawalilia. Nanyi wasikilizaji, mkimwagiza mtu jambo la uhai, msimwulize kama amesikia. Mwulizeni amesikia nini.