Vepu Niliyoitengeneza Isivunjike

Wazazi wangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu. Mchungaji ameniomba niongee kwa upole. Nimemwambia mimi ni fundi wa simu, upole siujui, na kama alitaka mpole angemwita mwingine. Sitataja jina la mtu hapa. Wanaojijua watajijua, na wa kwanza ni mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na kiburi cha mikono. Nilisomea umeme kule chuo cha ufundi cha Sigalagala, nikafungua kibanda hapa mjini, na haikupita muda mrefu hakuna simu iliyonishinda. Ndipo vijana wakaanza kuniletea vepu. Kina mama mnaoiokota mfukoni mwa mtoto mkidhani ni kalamu, hiyo ni sigara ya umeme. Ndani kuna betri, kuna pamba iliyolowa dawa yenye ladha ya matunda, na kuna waya unaopata moto mtu akivuta. Basi. Ile ya kutupa, dawa ikiisha mtu anaitupa na betri bado ni nzima. Nilipasua ya kwanza kwa kisu nikacheka peke yangu. Plastiki nyepesi, gundi imepakwa ovyo, waya umeshikiliwa na katone ka lehemu ambako mwanafunzi wa muhula wa kwanza angeona aibu kukaonyesha. Ukiiangusha mara mbili imekufa. Nikasema, mimi nitatengeneza isiyokufa.

Mnazikumbuka antena za TV za zamani, zile zilizobaki juu ya paa bila kazi? Nilizipata kwa wanaookota vyuma. Nikakata vile vibomba vyake, nikaingiza betri, pamba mpya, dawa mpya, na tundu la chaja ya simu. Upande wa betri nikauziba kwa gundi ya chuma, ukawa imara kabisa. Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mnaojifanya mnaangalia simu. Kuna kibao kidogo ambacho huzuia betri isilishwe chaji kupita kiasi. Nilikijua. Hakikuingia kwenye bomba, nikakiacha. Na mwalimu wangu alikuwa akisema karibu kila wiki, kitu cha betri kiachie mahali pa kupumua, kwa sababu betri ikichafuka inatoa gesi, na hiyo gesi itatafuta njia. Hilo pia nililijua. Lakini tundu lingelegeza ganda langu, na mimi nilitaka ganda.

Nilikuwa naziuza kule uwanja wa Malinya, siku za kupiganisha mafahali. Watu ni wengi, wameamka alfajiri, damu imechemka. Nilikuwanga natupa vepu yangu juu ya jiwe mbele yao. Namwita mtu wa bodaboda aikanyage na gurudumu. Naiokota, navuta, moshi unatoka, watu wanapiga makofi. Halafu namgeukia yule mtu wa Mautuma. Huyo alikuwa anatoka huko mbali Lugari na trei ya peremende na vepu za plastiki, mtu mnyamavu, shati lake moja. Namwambia mbele ya watu, "Wewe, tupa yako tuone!" Hatupi. Watu wanamcheka mpaka anahamisha trei yake.

Na aliyekuwa akinipigia debe ni ndugu yangu mdogo, tuliyenyonya naye ziwa moja. Wengi hapa mlimsikia. Yeye ndiye aliyekuwa akiliimbia fahali la ukoo wetu. Fahali halitoki nyumbani kimyakimya, linatangulizwa na mwimbaji, analisifu mpaka uwanjani, na ngoma za isukuti zikilia nyuma yake. Ndugu yangu akiimba hata wa upande ule mwingine wanaitikia. Hakujua kazi nyingine ambayo watu wangemwinukia. Vepu yangu alikuwa anaining'iniza shingoni kwa kamba. "Hii kitu ya dada yangu haivunjikangi!" Ndivyo alivyokuwa anasema.

Jumamosi moja alikuwa ameilaza kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi tuko Malinya kando ya uwanja, fahali liko tayari, wanaume wameshika fimbo, yeye anasema ngoja nivute moja nisafishe koo. Akaweka mdomoni.

Jameni. Ulikuwa mlio wa tairi kupasuka. Bomba halikupasuka hata kidogo, nilikuwa nimelitengeneza vizuri mno. Nguvu yote ilitoka mbele, upande ulio laini, na upande ulio laini ulikuwa mdomoni mwake. Meno manne ya juu, mawili ya chini. Mdomo wa juu ulifunguka katikati hadi puani. Alisimama akishika kidevu kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja, anataka kuuliza ni nini na hawezi.

Mnataka kujua mimi nilifanya nini? Nilikimbia, ndiyo. Nilikimbilia bomba. Lilikuwa limeanguka kwenye nyasi, bado la moto, nikaliokota na leso nikalisukuma ndani ya mkoba wangu. Ndipo nikaenda kumshika ndugu yangu. Mnaguna? Guneni. Mimi nimeguna mwaka mzima.

Mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Hii sigara alitoa wapi?"

Nikasema, "Kwa yule wa Mautuma. Yangu haivunjikangi, mnajua wenyewe."

Sikuhitaji kusema zaidi. Vijana walimpata uwanjani akipanga peremende zake. Walikanyaga trei, wakamvua shati, wakamtembeza uwanja mzima akiwa kifua wazi huku wanampiga na fimbo za kuswagia ng'ombe. Alikuwa anasema, "Muulizeni yule dada." Niliambiwa alisema hivyo mara nyingi. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Hospitalini nilikuwa dada mzuri sana. Napika uji, napeleka, nalia mahali pa kuonekana. Wifi yangu, mke wa ndugu yangu, ananishika mkono ananiambia Mungu atanilipa. Ndugu yangu hawezi kuongea, ananiangalia tu. Nikajiambia ni dawa za maumivu zinamfanya awe na macho yale.

Aliporudi nyumbani nikachinja jogoo. Nilitaka kumheshimu mbele ya watu, na pengine nilitaka kujisikia vizuri. Nikasonga obusuma, ugali wetu, nikapika ingokho, huyo kuku, kwa mchuzi mzito, na kama tunavyofanya sisi, ile imondo, firigisi, nikamwekea yeye mwenye boma kwenye sahani yake peke yake. Mama yetu ameketi pale, wifi ameketi pale. Sikufikiria. Haki ya Mungu, niliangalia heshima tu, sikufikiria kwamba firigisi ni ya kutafunwa na mimi nimempelekea mtu ambaye mdomo wake nimeumwaga kwenye nyasi za Malinya.

Akaiweka mdomoni. Akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia, mate yakachuruzika kupitia pale mshono ulipo. Mama akaangalia chini. Akaitoa kwa vidole, akairudisha kwenye sahani, nzima vile ilivyokuwa. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani kulikuwa na kipande chembamba cha chuma cha antena, ile pete niliyokuwa nakaza nayo mbele ya bomba. Daktari alikuwa amekitoa kwenye kaakaa lake. Alikuwa amekaa nacho wiki zote hizo nikimnywesha uji.

Akakiweka kando ya firigisi. Akaisukuma sahani kwangu. Maneno yake sasa hayatoki vizuri, lakini hili nililisikia.

"Tafuna wewe."

Nyinyi mnaojua mila mnajua mwanamke wa kwetu kula firigisi mbele ya mwenye boma ni mwiko gani. Mama akasema, "Mwanangu, mwache dada yako." Yeye hakuondoa macho kwangu. Nikaichukua. Nikatafuna. Ilikuwa ngumu, ilikuwa bado na mate yake, na nikiwa natafuna nikaanza kusema. Bomba ni langu. Kibao nilikiacha kwa kujua. Tundu la kupumua nililikataa kwa kujua. Yule wa Mautuma hakuhusika. Nilisema na mdomo umejaa, nikiwa nalia, na wifi yangu akainuka akanizaba kofi, akakaa tena. Hakuna aliyemkataza.

Siku ya soko nilienda Mautuma. Yule mtu nilimkuta amekaa chini, hana trei. Nikapiga magoti nikaanza kunong'ona. Akaniambia, "Simama. Sema kwa sauti ile uliyokuwa unanichekea." Nikasimama. Nikasema mbele ya soko lote. Nilipomaliza akasema, "Rudia, wale wa mahindi hawajasikia." Nikarudia mara tatu. Hakunipa mkono. Malinya pia nilisimama nikasema, na wale vijana waliompiga wakaangalia pembeni.

Ningependa kuwashukuru watu watatu. Namshukuru wifi yangu kwa kofi, na kwa sababu ndiye aliyekuwa akisafisha kile kidonda asubuhi na jioni nilipokuwa na kazi ya kulia barazani. Namshukuru mtu wa Mautuma, aliyekataa ninong'one. Namshukuru mama, ambaye hajanifukuza, ingawa sasa ananipokea kwa mlango wa jikoni. Vepu nimeacha. Kwenye kibanda changu bado natengeneza simu, redio na taa za sola, na hakuna kitu cha betri kinatoka bila kibao chake na tundu lake la kupumua. Wateja wengine wananiambia kazi yangu siku hizi inaonekana dhaifu. Nawaambia waende.

Vijana, nyinyi hamwulizi kitu ila kama kitadumu. Mnakitupa chini, mnakikanyaga, mnasema hiki ndicho. Mimi nawaambia kitu chochote cha betri kitaharibika siku moja. Mwulize aliyekitengeneza, siku hiyo kitapasukia wapi? Asipoweza kukujibu, usikiweke mdomoni.

Sasa la mwisho. Ndugu yangu yuko hapa, amekaa safu ya tatu kando ya mama, amejifunika mdomo na shali. Hajanisamehe. Nilimwuliza tena leo asubuhi, akatikisa kichwa, na mimi sijaja hapa kuwadanganya kwamba mambo yalitengenea. Fahali letu linaimbiwa na mtu mwingine. Nilimwomba jambo moja tu, aje awaonyeshe. Alikubali, lakini kwa masharti yake. Hatafungua mdomo wake bure kwa watu wa kutazama. Atamfungulia yule atakayetoa vepu mfukoni na kuiweka kwanza hapa mezani, na huyo atasimama karibu, aangalie mpaka ndugu yangu atakapotosheka.

Meza ni hii. Najua mnazo, zingine nilizitengeneza mimi. Nani anaanza?