Hotpoti za Majirani

Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba niseme kwa ufupi, na mimi nikianza huwa sijui kukata, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi mnaifahamu nyumba yangu hapa Karatu. Enzi za marehemu mume wangu, Krismasi ilianza alfajiri kwa harufu ya maandazi. Tukitoka misa anachinja mbuzi, ini linachomwa palepale, watoto wanagombania, mimi niko kwenye sufuria la pilau. Kabla hatujala, hotpoti zinatoka kwenda kwa majirani. Ubatizo, komunyo, kipaimara, sherehe zote za wanangu wawili tulizilia kwenye uwanja ule.

Mzee akatutoka. Vijana wakapata kazi, namshukuru Mungu: mmoja dereva wa watalii, mwingine mpishi wa loji kule juu ukingoni mwa kreta. Sasa ndugu zangu, nawaambia, Krismasi ndiyo wageni wanajaa. Hakuna bosi wa kukupa ruhusa. Krismasi ya kwanza bila mzee, yule mpishi akanipigia: "Mama, pole, niko jikoni, tunaoka bata mzinga." Bata mzinga! Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuchambua mchele, anawapikia watu wasiojua hata jina la mama yake. Nikamwambia ufanye kazi vizuri mwanangu. Nikakata simu, nikalia.

Sikupika siku ile. Pilau ya mtu mmoja inapikwaje? Mniambie. Majirani wakaleta hotpoti zao kama kawaida, na hapo ndipo niliponasa. Nyinyi mnajua, kwetu hotpoti ya mtu hairudishwi tupu. Utaweka hata viazi, hata mayai. Mimi nitaweka nini, na moto sijawasha? Nikaziosha, nikazipanga juu ya kabati, nikasema nitapika kesho. Kesho yenyewe nikashinda kitandani. Ikawa nikiwaona wenyewe barabarani, nageuza njia. Jumuiya nikaacha, maana mwenye hotpoti mmoja tunakaa naye benchi moja.

Mnacheka? Chekeni tu. Lakini nilikaa miezi mizima ndani ya nyumba ile nikitazama vyombo vya watu. Redio nilikuwa nawasha ili kuwe na sauti ya mtu. Kuna jioni nilijikuta namjibu msomaji wa taarifa ya habari. Ndugu zangu, upweke ni mbaya. Unafika mahali unakula umesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yako kunauma.

Basi kuna mama mmoja wa Kimasai, alihamia hapa kutoka Olbalbal, jirani yangu wa upande wa juu. Siku moja akapiga hodi na kabla sijaitikia yuko sebuleni.

"Yeyo," akaniita, yaani mama kwa kwao, "nimefuata hotpoti yangu. Mjukuu wangu anabatizwa Jumapili."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, sina cha kuweka ndani."

"Nani amekuomba chakula?"

"Sasa nitakurudishiaje tupu?"

Akalitazama lile kabati, kisha akanitazama mimi. Nadhani alielewa yote. "Sisi nyama tunaiweza," akasema, "lakini pilau inatushinda, na wageni wanaitaka. Njoo upike. Hotpoti tutaijazia hukohuko."

Nikasema ngoja nifikirie.

"Fikiria tukiwa njiani."

Nikaenda naye siku ileile, tukapanga mapishi. Jumapili ile nikakaanga vitunguu vya watu wengi kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Halafu binti mmoja akanisogelea na mwiko, akauliza, "Bibi, chumvi imetosha?" Jamani. Miezi yote ile hakuna mtu aliyenihitaji kwa kitu chochote. Nikaonja, nikamwambia ongeza kidogo. Hapo ndipo nilipoinuka mimi, penye lile sufuria.

Vijana wangu nikawaambia ukweli kwamba nilikuwa naumia. Wakaja wakati wa masika, wageni walipokwisha na loji ikafungwa, wakachinja mbuzi kwenye matope. Tukaimba nyimbo za Noeli mvua ikinyesha, watu wakatushangaa.

Sitawadanganya. Krismasi iliyopita hawakuja tena, na tukitoka misa bado natafuta kwa macho kofia ya mzee. Bado inauma. Lakini sasa nikitoka misa naenda kupika kwa jirani, na kila hotpoti imesharudi kwa mwenyewe ikiwa imejaa.

Namshukuru yule mama, sitamtaja, mwenyewe ameinamisha kichwa pale. Nawashukuru na ninyi mlionipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi. Ombi langu kwenu ni moja. Sikukuu ikifika mkaona mlango wa mtu umefungwa, msiseme amesafiri kwa watoto. Mimi mlisema hivyo, nikawasikia mkipita. Nilikuwa ndani. Gongeni.