Goti la Kulia la Bwana Yamepokelewa

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wetu wa Idara ya Maoni ya Umma anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nje ya ofisi ana jina lake na heshima zake. Humu ndani, na kwa kila mwananchi aliyewahi kuja kutoa maoni kuhusu sheria za mtandao, yeye ni Bwana Yamepokelewa.

Alianza kazi kwenye chumba cha mitambo ya simu, enzi za kuunganisha watu kwa waya. Alikuwa akiwaunganisha na, dakika tatu zikiisha, akiwakata. Wenzake wa wakati huo wanasema kwenye kuunganisha alikuwa wa kawaida tu, ila kwenye kukata alikuwa na kipaji. Intaneti ilipofika na ofisi yetu ikapewa kazi ya kuisimamia, wakubwa walitafuta mtu mwenye uzoefu wa mawasiliano. Hawakuhangaika sana.

Yeye ndiye mwanzilishi wa Mkutano wa Wazi, ambako wananchi hujadili uhuru wa mtandao mbele yetu. Aliupangia Jumanne asubuhi, watu wote wakiwa makazini, kwenye ukumbi wa ghorofa ya tano, katika jengo ambalo lifti yake ina afya mgogoro. Aliandika pia Sera ya Uwazi, kazi iliyomla miaka, na sote tunaamini ni nzuri sana. Imo kabatini, imepigwa mhuri wa siri. Mara ya kwanza mkutano uliporushwa mtandaoni, matangazo yalikatika hata salamu hazijaisha. Kwenye ripoti aliandika kwamba washiriki wa mtandaoni hawakuwa na pingamizi lolote.

Lakini kilele cha ubunifu wake kipo chini ya meza. Zamani alikuwa akimzimia mwananchi kipaza sauti kwa mkono, mbele za watu, jambo ambalo yeye mwenyewe aliona si ustaarabu. Akamwita fundi umeme, wakafunga swichi chini ya meza kuu, usawa wa goti lake la kulia. Tangu siku hiyo mambo yakawa laini. Mwananchi anaongea, mkuu anatikisa kichwa kwa upole, goti linasogea, na kabla mtu hajaelewa sauti yake imekwenda wapi, anaambiwa, "Maoni yako yamepokelewa. Anayefuata." Kuna mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja mwaka mzima kujaribu kumaliza hoja ileile. Alikuwa hajavuka utangulizi.

Mwezi uliopita, Bwana Yamepokelewa akiwa tayari kwenye likizo ya kustaafu, ofisi ilileta mkutanoni rasimu ya kanuni mpya. Kifungu cha saba kinasema kila anayefundisha chochote mtandaoni lazima awe na kibali chetu, na asiye nacho azimwe kwanza, maelezo yatafuata. Mwandishi wa kifungu hicho, tuseme ukweli, ni yeye mwenyewe. Alisahau kitu kimoja tu: nyumbani kwake, kwenye chumba cha nyuma, mama watoto anafundisha ushonaji kwa video. Ana wanafunzi wengi kuliko chuo kizima, na mipango yote ya uzee wa nyumba ile imeegemea cherehani moja na simu iliyofungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti. Kibali hana.

Mama watoto hakugombana na mtu. Jumanne ile alipanda ngazi zote, akajiandikisha kama mwananchi mwingine yeyote, na mumewe akaketi safu ya nyuma, macho kwenye viatu. Zamu yake ilipofika alisema, "Jamani, mimi nafundisha watu kukata sketi. Wengi wao wana watoto wachanga, kutoka nyumbani hawawezi. Mkinizima mimi, mmewazima na wao. Sasa nauliza hivi, hicho kibali..." Naibu, aliyekalia kiti cha bosi wake na kusoma vizuri kila somo lake, akasogeza goti. Maoni yakapokelewa.

Hapo Bwana Yamepokelewa akasimama. Tulidhani anakwenda kumpa naibu mkono wa pongezi. Akaizunguka meza kuu, akapiga magoti kwa tabu, maana si ya ujana tena, akapapasa chini na kuwasha. Kisha akabaki hukohuko, ameifunika swichi kwa kiganja.

"Endelea, mama watoto," sauti ikatoka chini ya meza.

Akaendelea. Aliuliza kibali kinatolewa na nani, kinachukua muda gani, na aliyezimwa kwa makosa analalamika wapi ikiwa ameshazimwa. Meza kuu ikaanza kupekua makaratasi, kwa kuwa katika historia ya ofisi hii haikuwahi kuulizwa swali likafika mwisho. Kifungu kikaahirishwa. Mwalimu mstaafu naye akapata nafasi, akamaliza hoja yake, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Mimi niliyekuwa naandika muhtasari nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na sisingizii vumbi.

Sasa, bosi, kuhusu zawadi. Tumeifunga kwenye boksi dogo, na tunakuomba usilifungue mbele ya wakubwa. Fundi umeme anasema ilitoka bila shida, na kwa juu meza haionyeshi chochote. Kifungu cha saba kinarudi mkutanoni Jumanne ijayo, na msemaji wa kwanza ni mama watoto. Naibu hajaambiwa. Nakala yake ya jarida hili la ofisi tumemwekea mezani kama kawaida, na kama kawaida hataifungua.

Asante kwa miaka yote, na zaidi kwa zile dakika ulizopiga magoti. Tunakutakia maisha mema, goti lipone, na mama watoto aongee mpaka achoke mwenyewe.